Siku Wifi Yako Alipokutetea

Mama,

Utacheka ukijua ninayekuandikia habari zake ni wifi yako Robai. Ndiyo, huyo huyo Senge, dada ya Baba, uliyebishana naye kila Jumapili hapa Kabiria, chai ikipoa mezani, wewe na kitambaa chako cha akina mama wa kanisa, yeye na viatu vyake vyeupe vya uuguzi. Ugomvi wenu ulikuwa mmoja tu: kutoa mimba. Sisi watoto tuliujua kwa moyo. Wewe ulikuwa ukisema, "Wifi, hiyo tayari ni mtu. Mungu anajua jina yake." Naye, "Na huyo msichana anamwaga damu kwa kitanda yangu, yeye si mtu?" Kisha mlikuwa mkigawana ndizi iliyobaki, naye akaenda zamu.

Tangu utuache, Jumapili zimepoa. Kiti chako hakuna anayekikalia, ingawa hakuna aliyekataza. Halafu ikaja habari ya Nekesa.

Mdogo wangu alishika mimba, Mama. Unaujua ule moyo wake, jinsi anavyopanda ngazi akisimama kuvuta pumzi. Daktari kule Spring Valley, mwanamke mpole, alimwambia wazi kwamba mimba ile huenda ikamuua, na kwamba kwa sababu hiyo sheria inaruhusu itolewe. Nekesa alirudi nyumbani ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Alimtaka yule mtoto. Hilo ndilo lililonivunja.

Kwetu mambo ya mwili wa msichana hayaamuliwi bila dada ya baba, kwa hiyo tukamwita Senge. Nilijua atakachosema, na nilitaka akiseme upesi, maana nilihofia sana maisha ya dada yangu.

Aliingia, akaomba maji, akanywa. Halafu akaenda akaketi kwenye kiti chako. Nilikuwa karibu kumwambia ainuke. Akasema, "Kwanza wacha Mama yenu aongee."

Na ukaongea, Mama, kwa kinywa chake! Sijui nikueleze vipi. Hakuiga sauti yako wala hakukudhihaki. Alisema yote uliyowahi kusema, tena kwa mpangilio kuliko ulivyoyasema wewe, nisamehe. Alisema lile la Mungu kujua jina. Alisema jinsi wewe mwenyewe ulivyoonywa na madaktari mimba ya Nekesa ilipokuwa changa, ukakataa, ukaibeba, na huyu hapa ameketi mbele yetu. Hakupunguza chochote ili upande wake uwe rahisi. Mwili ulinisisimka. Miaka yote ile nilidhani anangoja tu umalize ili aanze yeye. Kumbe alikuwa anakusikiliza. Mimi binti yako sijawahi kukusikiliza hivyo.

Kisha akahamia kwenye stuli karibu na Nekesa, akasema ya kwake huku akilia: wanawake aliowafunika shuka, watoto waliobaki bila mama, moyo unaochoka katikati ya uchungu wa kuzaa. "Mimi nakutaka wewe, Nekesa," akasema. "Lakini mwili ni yako, na mtoto ni wako. Sisi tumemaliza." Akatutoa sote nje, naye akatoka. Tulisimama langoni kama watu waliofiwa.

Nekesa aliamua kuitoa. Ilifanyika hospitalini, Senge akiwa amemshika mkono. Yuko hai, Mama. Anakula kidogo kidogo, na wiki ijayo anarudi dukani kwake Karen. Analia pia. Senge analia pamoja naye, yeye ambaye hilo ndilo aliloliomba.

Juzi nikitoka ofisini mjini nilikuta makundi mawili barabarani, kila moja na mabango yake, polisi katikati, wakifokeana juu ya jambo hili hili. Zamani ningepita tu. Safari hii nilisimama nikitafuta, katika nyuso zote zile, mtu mmoja anayeweza kusema ya upande wa pili bila kuyapinda. Wenzangu kazini huuliza kama mabishano haya yatakuja kuisha. Sidhani. Wewe na Senge mlipendana na bado hamkuyamaliza. Lakini nililoliona sebuleni kwetu sikujua kwamba binadamu analiweza.

Sasa Nekesa ameniuliza swali, na ndilo lililonifanya nikuandikie: "Unadhani Mama angenichukia?" Nilimwambia apumzike, nikaenda kujifungia bafuni.

Humo ndimo nilipomkumbuka yule msichana wa ploti ya nyuma, aliyekunywa dawa kwa siri, akaletwa kwako akivuja damu kwa sababu mlango wako ndio uliokuwa wazi. Asubuhi ile ile ulikuwa umesimama kanisani kulikemea jambo hilo. Ulimbeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari, Mama, na magoti yako yale mabovu. Aliporudi salama kutoka hospitalini ulimfulia nguo zake, ukazianika chumbani kwako ili majirani wasizione. Na Jumapili iliyofuata ukabishana na Senge bila kubadilisha hata neno.

Pumzika, Mama yangu. Senge nitamtunza, naahidi, na akitaka kubisha nitambishia. Na kesho nikimpelekea Nekesa uji, nitamwambia ulikoanika zile nguo.

Bintiyo,
Nafula