Nyekundu Isiyotoka kwenye Parachichi

Jumamosi, mwezi wa sita. Kihesa, Iringa.

Jua lipo lakini halina kazi. Upepo unapita kwenye sweta kana kwamba nimevaa chandarua. Nimekaa jikoni, karibu kabisa na jiko la mkaa, na leo sina hamu ya kuwa mtu mwema.

Nianze na mratibu wa maonyesho, maana kumdharau kunanipa joto.

Bwana Gervas hutamka neno "sanaa" kama anayeonja supu iliyozidi chumvi. Juzi Alhamisi alituita Mbeya, washiriki wanne, kila mmoja aeleze kazi atakayoleta mwezi wa nane. Alikuwa amevaa tai ambayo alitutangazia kuwa ni ya hariri. Nimeshika hariri miaka kumi na sita. Ile tai ni nailoni. Nilimwacha nayo.

Alikuwepo mchongaji ambaye hakusema neno, nami nikamheshimu kwa hilo tu. Alikuwepo mchoraji anayechora twiga yuleyule tangu nikiwa msichana wa Ilomba. Twiga wa kweli angekuwa ameshakufa kwa uzee. Nilikuwepo mimi. Na alikuwepo Rehema, ambaye nitamfikia, ingawa ningependa nisimfikie.

Mpango wangu ni huu. Vipande sita vya hariri, kila kimoja mita tatu, vining'inie kutoka darini mpaka karibu na sakafu, watu wapite katikati na viwaguse mabegani. Hakuna picha. Ni rangi tu, na kila rangi imepikwa kwa kitu cha huku kwetu Nyanda za Juu: magome ya miwati, majani ya mikaratusi, maganda ya vitunguu, chai, udongo. Kipande cha sita ndicho moyo wa kazi yote. Ni chekundu, cha kokwa za parachichi.

Bwana Gervas aligeuzageuza sampuli zangu kama anayetafuta bei.

"Sasa picha iko wapi, dada Atu? Wewe si unatoka Iringa? Ungetuwekea chifu na mkuki wake, wageni wanapenda."

Nikamwambia chifu ana makumbusho yake Kalenga na hahitaji kuning'inia kwenye kitambaa changu. Mchongaji akatabasamu. Kisha Bwana Gervas akafika kwenye ile nyekundu, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyeitwa kula.

"Hii! Hii ndiyo itakaa kwenye bango. Na ukumbi wa mbele ni wako."

Akasoma kwa sauti maelezo niliyoyaandika, lile andiko langu la kujisifu: kwamba kila rangi katika kazi hii imetoka ardhini, kwamba hakuna hata tone moja la dukani. Nilinyoosha shingo kama jogoo.

Ikafika zamu ya Rehema. Huyu nilimfundisha mwenyewe. Alikaa kwangu hapa Kihesa miaka miwili akijifunza kupika rangi, kisha akarudi Mbeya kwa wazazi wake, wauza vitambaa, akaolewa, akafungua kibanda chake Mwanjelwa. Alileta mpango wa pazia moja kubwa la hariri lenye mistari ya manjano, kijani na nyekundu kali. Akasema bila kuficha:

"Rangi zangu ni za unga, zile za sokoni wanazotumia wasusi wa mikeka. Sina nafasi ya kupika magome siku tatu, nina watoto wadogo wawili."

Ningeweza kunyamaza.

"Hizo ni rangi za mikeka, Rehema," nikasema. "Na mkeka unatandikwa chini, hauning'inizwi kwenye ukumbi."

Walicheka. Bwana Gervas alicheka kuliko wote, yeye na tai yake ya nailoni. Rehema akakunja sampuli zake polepole, moja juu ya nyingine, akasema, "Asante, dada," akakaa.

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Sasa ukweli mwingine, ambao sijauandika popote.

Kile kipande changu chekundu hakijawahi kuliona parachichi.

Nilijaribu. Mungu ananiona, nilijaribu mara tatu. Nilikusanya kokwa ndoo nzima, nikazikata, nikazichemsha taratibu, nikatia maji ya majivu, nikailoweka hariri kwenye shabu ili rangi ishike. Mara ya kwanza nilipata rangi ya ufizi wa mgonjwa. Mara ya pili kijivu. Mara ya tatu ufizi tena. Siku ya kupeleka sampuli ilikuwa imekaribia. Nikaenda sokoni, nikanunua pakiti moja ya unga mwekundu kwa mama anayeuza ukindu, nikarudi nikiwa nimeificha chini ya mchicha. Nilimficha nani? Naishi na mume wangu, ambaye kwake rangi ni mbili tu, iliyofubaa na isiyofubaa. Nilipika dakika ishirini. Ikatoka nyekundu ya ajabu. Nikaiandikia: kokwa za parachichi.

Kwa hiyo Alhamisi, niliposimama pale nikimcheka msichana kwa sababu ya rangi ya mikeka, rangi ya mikeka ilikuwa mikononi mwangu.

Baada ya kikao nililala hukohuko Mbeya, Ilomba kwa mama. Mama ana miparachichi mitatu nyuma ya nyumba na maoni juu ya kila kitu. Nilimtandikia sampuli mezani nikitaka anisifu, maana sijakua. Akazipitia zote. Akashika ile nyekundu, akaipeleka dirishani.

"Ya parachichi hii?"

"Ndiyo, mama."

"Mie parachichi limenichafulia nguo maisha yangu yote, halijawahi kuwa hivi. Ni parachichi la wapi hilo?"

Nikamwambia ni shabu inafanya hivyo. Akaniangalia kidogo, akasema chai imepoa. Mama yangu hajawahi kuniita mwongo. Huwa anabadilisha mazungumzo tu, na hilo ni baya zaidi.

Jana nimerudi Iringa. Leo asubuhi nimepika kokwa mara ya nne, nikijiambia kwamba ikitoka nyekundu basi uongo utakuwa umegeuka kuwa kweli, na hakuna atakayejua ulikuwa uongo. Mtu mzima na akili zake anawaza hivyo. Saa nne nimefunua sufuria.

Ufizi.

Nimekaa na ile hariri mbichi inadondosha maji kwenye sakafu, nimewaza wote ninaowadharau. Mchoraji anachora twiga mmoja, lakini hajasema kwamba ni tembo. Bwana Gervas anaamini kweli kwamba tai yake ni hariri, amedanganywa, hajadanganya. Katika chumba kile alikuwemo mwongo mmoja tu, naye alikuwa ndiye mwenye mdomo mrefu kuliko wote.

Nikampigia Bwana Gervas. Nilimwambia wazi: kipande chekundu ni rangi ya unga, maelezo yangu si ya kweli, akitoe kwenye bango.

Akacheka, kicheko cha chini, cha kirafiki, na hapo ndipo nilipomdharau hasa, siyo kwa sababu ya tai.

"Dada Atu, nani ataenda kukagua sufuria zako? Watu wameshaipenda. Mimi sijasikia kitu, na wewe hujasema kitu. Tuendelee."

"Nimesema."

"Ukikitoa, siwezi kukupa ukumbi wa mbele. Hivyo vingine vyako, samahani, vimepoa mno. Nitampa Rehema. Wewe nitakutafutia kwenye korido."

"Ile ya kwenda chooni?"

"Ina mwanga mzuri," akasema.

Nimekubali korido. Nilitegemea kujisikia mwepesi, kama wanavyosema watu wanaotubu. Sikujisikia hivyo. Nilijisikia mtu wa korido.

Halafu nikampigia Rehema. Nilizunguka kwanza kama kawaida yetu: kumekuchaje, watoto hawajambo, baridi ya huko ikoje. Kisha nikamwambia. Kwamba nyekundu yangu ni ya unga kama yake, kwamba nilimcheka nikijua, na kwamba naomba anisamehe.

"Nilijua, dada," akasema.

Sikumwelewa.

"Nilijua palepale Alhamisi. Si ulinipa ile sampuli nimpitishie Bwana Gervas? Kwenye upindo kuna punje mbili hazikuyeyuka, zimeacha vidoa vya zambarau. Hukuchuja."

Nilikuwa nimesimama. Nikavuta kigoda nikakaa.

Aliishika mkononi. Akaona. Kisha akasimama mbele ya watu, akasema ukweli kuhusu rangi zake, akachekwa na mimi, akakunja sampuli zake, akasema asante. Neno moja tu lingenimaliza, na alikuwa nalo mdomoni muda wote.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini mbele ya wale? Wewe ndiye mwalimu wangu. Mimi wakinicheka, narudi nyumbani naendelea kupika. Wewe wangekucheka ungerudi na nini Kihesa?" Nilisikia mtoto analia nyuma yake, akamtuliza, akarudi kwenye simu. "Halafu dada, tatizo lako siyo kokwa. Maji ya kisima chako yana kutu. Nilikuwa nakwambia nikiwa huko, ukawa unakataa. Njoo upikie kwangu, maji ya huku ni safi. Haitakuwa nyekundu, lakini itakuwa ya waridi nzuri."

Ni kweli alikuwa ananiambia. Nilimjibu, nakumbuka, kwamba maji ni maji.

Nimemwambia nitafika Jumatano na ndoo yangu ya kokwa. Akasema nisilete, mume wake atazitafuta sokoni. Amenisamehe kwenye simu kwa dakika moja, kirahisi, kama mtu anayemrudishia jirani bakuli.

Lakini nilimkosea mbele ya watu, na samahani ya kwenye simu ni yangu na yake tu. Alhamisi ijayo tunakutana tena wote wanne. Nitasimama kabla Bwana Gervas hajafungua kikao, nitaonyesha zile punje mbili kwenye upindo, nitawaambia ni nani aliyeziona na akanyamaza.

Wacheke wanavyotaka. Naogopa, na nitakwenda.