Ile ya Nne Hatukuipima

Gereji yetu,
Nyuma ya soko la mifugo,
Kitengela, Kajiado.
19 Agosti 2003

Mpendwa dada Soila,

Takwenya, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Francistown, na kwamba kile kikohozi kimekuachilia. Wagonjwa wako hospitalini je? Sisi tuko salama. Tabitha wako yuko salama. Hilo nimelitanguliza makusudi, kwa sababu ya yale yanayofuata.

Mama hajambo kule Oltepesi. Mvua imemkwepa tena, lakini mbuzi wawili bado wanakamuliwa.

Dada, niko na jambo la kukuambia, na tangu Jumamosi naliogopa.

Kuna mteja wetu anaitwa Hared, mfanyabiashara wa mifugo. Pikapu yake ilikuwa inashindwa kupanda milima ikiwa na mbuzi. Mimi na mwenzangu Macharia tukaiwekea krenki ya injini kubwa, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ili pistoni zipande na kushuka mbali zaidi na kutoa nguvu. Kazi hiyo iko na hatari yake. Konrodi, ile mikono ya chuma inayounganisha pistoni na krenki, hupiga duara pana kuliko zamani, na zinaweza kugonga bloku, mwili wenyewe wa injini. Kwa hivyo unasaga bloku kidogo, halafu unazungusha injini kwa mkono, polepole, ukipitisha waya wa milimita moja na nusu mahali penye nafasi ndogo. Waya ukikataa kupita, unasaga tena. Injini ikikimbia, chuma huvutika na nafasi inapungua.

Nilipima konrodi tatu kati ya nne. Nikaitwa nje kuangalia lori, na niliporudi Macharia alikuwa ameshafunga sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini. Nikadhani ameipima ya nne. Yeye alidhani nimemaliza mimi. Sikuuliza, dada. Neno moja tu, na sikuuliza.

Jumamosi asubuhi Hared alikuja kuchukua gari. Alikuwa anashuka Oltepesi kununua mbuzi, na kwa kuwa shule zimefungwa, nikamwomba ampeleke Tabitha kwa kokoo yake, kwa Mama. Mimi mwenyewe nilimfungia mlango.

Saa moja baadaye tulikuwa tunapanga spana, Macharia akaniuliza, "Ile ya nne ilikusumbua?"

"Ipi? Si ulipima wewe?"

Akatikisa kichwa, spana bado mkononi.

Nilipiga simu ya Hared mara sita. Haikupatikana. Nikachukua pikipiki ya Macharia, nikapita Isinya na ile barabara mbaya mpaka Kiserian. Unaijua miteremko iliyo mbele ya Kona Baridi, ukishuka Oltepesi. Pale dereva huweka gia ndogo, injini inalia kwa nguvu kushikilia gari. Konrodi ikikatika hapo, injini inakwama na magurudumu ya nyuma yanajifunga. Njia nzima nilikuwa naangalia mitaroni. Kila kitu cheupe nilikiona kama ile sweta nyeupe ya Tabitha.

Kiserian wakaniambia Hared alikuwa amechelewa akipakia chumvi ya mifugo, ndiyo tu ameondoka. Nikamkuta Kona Baridi, anatoka kwa kibanda cha chai, anawasha gari. Nikasimamisha pikipiki mbele yake.

"Zima! Hared, zima!"

Akacheka. "Lesiamon, umesahau spana ndani?"

"Mtoe mtoto kwanza."

Aliponiangalia uso, aliacha kucheka.

Nikamwaga oili kwenye jerikeni, nikafungua sampu, nikalala chini ya gari upepo ukinijaza vumbi machoni. Hared akawa anazungusha krenki kwa spana. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, waya ulipita. Ya nne haikuhitaji waya. Nilisikia chuma kikikwaruza chuma. Kwenye bloku palikuwa na kovu linalong'aa, na kichwa cha bolti ya konrodi kilikuwa kimeanza kulika. Hata karatasi ya daftari isingepita.

Hared alisema tu, "Alhamdulillahi." Baadaye, tukingoja gari la kutuvuta, akaongeza kwa upole, "Watoto wangu pia hupanda gari hii." Afadhali angenipiga.

Gari iko hapa, injini imefunguliwa yote, na bolti zote za konrodi tumezitupa. Macharia anasaga, mimi napima. Kila konrodi naipima mara tatu, naye anapima nyuma yangu.

Jana nilimwambia Tabitha ukweli wote. Aliuliza, "Mama anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mwandikie, mjomba. Mimi siwezi kumficha."

Uliniachia mtoto mmoja tu. Ukiamua akae kwa shangazi Priscilla kule Kisaju, sitabishana. Nitambebea sanduku tuende kwa miguu.

Mama anakusalimu, na Priscilla na watoto wake. Macharia ameniambia nisikuandikie kwamba alilia, lakini alilia. Enkai akufunike huko ugenini kama alivyomfunika Tabitha.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda na kuliogopa jibu lako,

Lesiamon