Noeli Uliyotuandikia, Kaka

Katindiuka, Ifakara
17 Desemba 2023

Kaka Evarist,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi na watoto. Huku tupo. Mvua imeanza vizuri na mbu nao hawakuchelewa. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akiamka, na jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu. Shamba la chini tumeshalipanda, la juu tunangoja mvua mbili tatu zaidi. Nimekusalimia kama tulivyolelewa. Yanayofuata si salamu, na sitakuomba radhi.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu husema uko kikaoni, utanipigia, na hupigi. Nimemkabidhi Nazari jirani yetu, anayekuja huko Dar kesho kutwa kumwona mwanawe. Nimemwambia akupe mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua.

Kitabu chako kilifika kwa basi mwishoni mwa Novemba, nakala sita. Mama alilipapasa jalada, akauliza jina lako limeandikwa wapi. Nikamwekea kidole juu ya herufi, akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akasema nimsomee chote, tena si yeye peke yake, akinamama wa jumuiya nao wasikie mwanawe alivyoandika habari za Noeli za kwetu.

Basi tukapanga. Nasikia watu wa nchi za baridi theluji ikianguka hujifungia ndani na vitabu. Sisi theluji hatuna, lakini tope tunalo, na tope la Katindiuka likikukatalia kutoka limekukatalia. Tukakubaliana Jumatano na Jumapili zote za Majilio, saa tisa alasiri, wenzetu waje kwetu. Rosemery alijitolea chai ya tangawizi, Eufrasia mihogo ya kuchemsha, mimi sauti. Nilifurahi, kaka. Kila mwaka nawasomea darasa la tatu hadithi zile zile za sungura na fisi. Sasa nilikuwa na kitabu cha ndugu yangu mwenyewe.

Nikaona nikipitie kwanza peke yangu, nisije kukwama mbele za watu. Ndipo hasira iliponianza.

Mwanzoni ilikuwa hasira ya kucheka. Umeandika kwamba Noeli tulikota moto kwa sababu ya baridi. Baridi ya wapi? Desemba ya Ifakara, ambayo hata kuku huachama midomo wakihema? Umeandika msonobari uliowashwa mishumaa, wakati sisi mti wetu ulikuwa mkrismasi wa pale parokiani, unaotoa maua yake mekundu bila kuombwa na mtu. Umeandika nyumba ilinukia mpunga uliovunwa jana. Desemba! Mtoto wa Kilombero umesahau kwamba Desemba mpunga unapandwa, na ghalani huwa pamebaki vumbi na panya? Nikajua umesoma Noeli za watu wengine katika vitabu vyao vitamu, ukazitamani, ukatuvika sisi. Hilo ningekusamehe. Hata mimi nazipenda Noeli za vitabuni. Hakuna anayelala njaa humo.

Lakini nikafika sura ya tano. Umeandika: "Mama alipenda kula jikoni, kwenye joto la mafiga. Ukimwita mezani hakuja. Jiko ndilo lilikuwa ufalme wake." Nikaisoma mara mbili. Kisha nikarudi kwenye dibaji, ambayo nilikuwa nimeiruka kama watu wengi wanavyoruka dibaji. Kumbe imeandikwa na Viktor, rafiki yako wa seminari, siku hizi mkurugenzi. Anasimulia Noeli aliyokwama kwetu kwa sababu ya mto, na anasema: "Sitasahau wali wa yule mama aliyekuwa akiwasaidia kazi za nyumbani. Jina lake sikulijua."

Nilikiweka kitabu juu ya ndoo, nikatoka nikasimama mvuani.

Kwa kuwa umesahau, au unajifanya umesahau, nikukumbushe. Ilikuwa 1997, mwaka wa mvua kubwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe kumi na saba. Baba alikuwa ameshafariki, nasi tulikuwa Mlabani kwa baba mdogo Theodori, kwenye nyumba yake ya matofali yenye makochi. Mama aliamka kabla ya wote, akaenda shamba, akarudi kuipikia nyumba nzima, maana mjane anayefadhiliwa hana siku ya kupumzika. Ukaja likizo na Viktor, ambaye alikuwa anaelekea kwao upande wa Mahenge. Mto ulikuwa umejaa, kivuko kimesimama, akabaki nawe.

Siku ya Noeli, baada ya Misa, mlikaa mezani na baba mdogo. Mama aliingia na sinia la wali, kanga imeloa, miguu ina tope. Viktor akainuka kidogo akamwamkia, kisha akakuuliza kwa sauti ya chini huyu ni nani. Mimi nilikuwa nyuma ya mama nimeshika bakuli la mchuzi. Ukasema, "Ni mama mmoja tu, anatusaidia kazi." Baba mdogo alikusikia, akainamia sahani yake. Viktor akadhani baba mdogo ndiye baba yako na nyumba ni yenu, na wewe ukamwacha adhani.

Mama aliliweka lile sinia polepole, hata punje haikudondoka. Akasema, "Karibuni chakula," akatoka. Kule jikoni nilitaka kurudi nipige kelele. Akanishika mkono mpaka ukaniuma. "Ukisema utamwaibisha mbele ya mwenzake," akaniambia. "Mwache ale." Siku tatu, mpaka kivuko kilipoanza tena, hakukuita mwanangu. Alikuita kaka Evarist, kama wasichana wa kazi wanavyowaita watoto wa nyumba. Aliubeba uongo wako akakusaidia kuutembeza. Na chakula alikula jikoni, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Huo ndio ufalme wake.

Kijana wa miaka kumi na saba naweza kumwelewa. Petro naye alikana. Lakini Petro alilia. Wewe una miaka arobaini na mitatu, umeisoma dibaji ile kabla haijaenda kuchapwa, ukaiona sentensi ile, ukaiacha. Kisha ukatutumia nakala sita, ukaniagiza nimpige mama picha akitabasamu na kitabu mkononi. Na juzi ukanitumia ujumbe kwamba mnakuja tarehe 23, wewe, Viktor na watu wa kamera, kurekodi Noeli halisi ya zamani, na kwamba mama akae jikoni karibu na mafiga, picha itapendeza. Itapendeza! Kaka, nilitaka kuitupa simu chooni.

Sasa nami nina la kukiri.

Siku za kwanza nilisoma vizuri, dibaji nikaiacha. Akinamama walicheka sana ile baridi. Eufrasia aliuliza msonobari huo uliota kwa nani, na mama akakutetea, akasema labda waandishi wana ruhusa yao. Jumatano iliyopita tukafika sura ya tano. Nikasoma, "Mama alipenda kula jikoni." Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Nikamwona anaushusha uso na kuanza kukunja pindo la kanga, anakunja, anakunjua. Alikuwa ameshajiandaa kuupokea na uongo huo.

Nikashindwa. Nikafunua ukurasa, macho yangu kwenye karatasi, nikasoma maneno ambayo hayapo. Nilisoma hivi: "Nimeandika kwamba mama alipenda jikoni. Si kweli. Siku ya Noeli nilimkana mama yangu mbele ya rafiki yangu, nikasema ni mtu wa kazi, kwa sababu miguu yake ilikuwa na tope. Najua alinisikia. Tope lile ndilo lililonisomesha. Mama Margareta, mbele ya kila mtu anayesoma kitabu hiki, naomba unisamehe."

Sijui yalitoka wapi. Mimi si mwandishi. Rosemery alishika kikombe bila kunywa mpaka chai ikapoa. Mama akasema, "Rudia hapo." Nikarudia, nikichunga nisikosee neno. Akasema, "Kumbe alijua nilisikia. Miaka yote hii nilikuwa najiuliza." Akalia, kaka. Sijawahi kumwona mama akilia kwa raha, hata siku ulipofaulu.

Tangu hapo nyumba hii imekuwa nyingine. Alhamisi alijikongoja na magoti yake mpaka kwa katekista kuomba Misa ya shukrani. Akichagua mchele anaimba. Anawaambia wapita njia kwamba mwanawe amemwomba radhi mbele ya nchi nzima. Kila jioni ananiagiza nimsomee ukurasa ule, nami nimeyaandika maneno yale kwenye kikaratasi nilichokificha humo kitabuni, ili yasibadilike. Eufrasia, anayejua kusoma, aliomba nimwazime kitabu. Nikamwambia kipo kwa mwalimu mkuu. Nakala nyingine tano nimezifungia kabatini shuleni. Mimi, ninayewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Unaona ulipofika? Umesamehewa. Umesamehewa bila kupiga goti, bila hata kujua, kwa maneno ya mwingine, na mama hajabakiza kitu. Kila akiimba nafurahi, halafu naona moto kifuani, maana ule wimbo si haki yako. Wewe ulimdanganya Viktor, mimi nimemdanganya mama. Naona tumetoka tumbo moja kweli.

Kwa hiyo sikiliza. Njoo tarehe 21, siku mbili kabla ya wageni wako. Njoo peke yako. Kamera ibaki huko. Maneno niliyoyatunga usiyakariri, mama si shule ya kwenda kughani. Kaa naye chini useme ya kwako, hata yakiwa mabovu, hata ukigugumia. Viktor naye umwambie kabla hajapanda gari kwamba yule mama ana jina, na ndiye aliyekuzaa. Akiona haya kuja, basi asije. Na kitabu kikichapwa tena, utajua mwenyewe cha kuweka kwenye sura ya tano.

Kama huwezi hayo, basi njoo umwambie wewe mwenyewe kwamba ukurasa ule haupo. Mimi sitamwambia. Nimejaribu mara mbili, nikafika mlangoni kwake, nikamsikia anavyoimba, nikageuka. Jicho la kulia nalo linafifia, na siku moja hata kama mtu angemshikisha kitabu asingeona tofauti. Lakini wewe na mimi tutakuwa tunajua.

Nakomea hapa, mpunga unaningoja. Wasalimie wifi na watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda na hana ugomvi nao. Rosemery na Eufrasia wanakusalimu, wanakusifu kila wakikutana nami, na mimi naitikia. Mama anakusalimu sana. Nimemwambia nakuandikia, nikamwuliza niweke neno gani la kwake. Amesema nikuandikie kwamba hana kinyongo. Nimeandika kama alivyosema.

Mimi ninacho.

Ni mimi mdogo wako,
Levina