Muhuti Ulichanua Ng'ambo ya Handaki

Mjukuu wangu Wanja,

Nakusalimu kutoka huku Mbeere. Sisi tungali wazima. Yule mbuzi mweupe alizaa pacha, mmoja akafa. Mjomba wako anasema goti limepoa, lakini namwona akichechemea.

Unauliza tulijuaje mvua inakaribia, na redio hatukuwa nayo. Tulitazama mti wa muhuti. Ukishapukutisha majani na kuwaka maua mekundu, tulipanda mtama kwenye vumbi kavu, ili matone ya kwanza yaikute mbegu chini. Mvua yetu ni fupi. Ukingoja udongo ulowe, umechelewa.

Siku za Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, nilikuwa msichana. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, na mama zetu ndio waliolichimba. Siku moja mama aliinua kichwa akaona muhuti wa shamba letu umechanua ng'ambo. Akamwomba homgadi, askari mwenyeji wa wakoloni aliyetusimamia, ruhusa ya asubuhi moja tu, akapande.

"Mvua iko wapi?" akamjibu. "Utapanda vumbi? Chimba."

Homgadi huyo alikuwa wa ukoo wetu. Mama yake mwenyewe alipanda kwenye vumbi maisha yake yote.

Mvua ilikuja, tukaitazama. Tuliruhusiwa kwenda shambani ilipokuwa ikiisha. Mtama ukafika magotini, ukakauka. Yaliyofuata sitayaandika, ila ndiyo maana mdogo wangu Njeru hukumkuta.

Andika katika daftari lako kwamba muhuti haukutudanganya hata mwaka ule. Bado upo, na ukichanua mimi hufunga dirisha la upande huo.

Ni mimi, Cucu wako.