Shija, Mtoto wa Pekee

Jumatatu, 4 Agosti
Viazi tena. Mama anamenya, mimi nakata, tunaanika juani vikauke viwe michembe. Vidole vimeota sugu. Kichwani insha tu. Wafadhili wa chuo cha uuguzi wanataka ukurasa mmoja: wewe ni nani? Mwisho wa kutuma ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikiikosa nafasi hii, basi, ni viazi mpaka nizeeke. Nimeanza hivi: Naitwa Shija, mtoto wa pekee katika familia yetu. Inasikika vizuri. Nimeridhika.

Jumatano, 6 Agosti
Nimempelekea Madam Neema, aliyenifundisha Kiswahili sekondari. Mtu wa Moshi, hana dogo. Kasema nimeandika kama najaza fomu ya zahanati. Sarufi safi, mtu hayumo. Kaniambia nimsomee anayenijua, huku namtazama usoni. Nimenuna njia nzima. Lakini kazi yake anaijua.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemsomea Mama. Sikufika mbali. Kisu kilisimama kwenye sentensi ya kwanza.

"Wa pekee?" akasema. Kisha akaenda kugeuza michembe aliyokwisha kuigeuza.

Nilielewa palepale. Jamani, nilitamani kujificha uvunguni. Kwetu Wasukuma mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Jina langu lenyewe linasema nina wakubwa zangu. Mtaa mzima hapa Ushirombo unamwita Mama Kulwa. Nimelisikia hilo tangu natambaa. Nilijua kwamba mapacha walikufa, na sikuwahi kuuliza zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama haongei. Ugali ukiiva ananiambia "kula", basi. Nami nina hasira. Nitawaliliaje watu ambao hakuna aliyewahi kunisimulia habari zao? Nimempigia Baba, yuko machimboni Geita. Kasema mambo hayo nimwachie mama yangu. Hovyo kabisa.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani. Dada mmoja wa kwaya kamwamkia, shikamoo Mama Kulwa. Kaitika marahaba, na uso uleule wa siku zote. Leo nimeutazama. Naona aibu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemuuliza Mama. Nilijua atanifukuza. Hakunifukuza. Kasimulia huku anamenya, Kisukuma kitupu, hajainua macho. Kulwa alikuwa wa kulialia. Doto mpole, ila ukimtenganisha na mwenzake anakataa ziwa. Homa iliwachukua wote ndani ya wiki moja, hawajatimiza mwaka. Nilipozaliwa mimi, upande wa Baba walitaka nirithi jina la bibi. Mama akagoma. Alitaka niitwe Shija, ili kila anayeniita ajue kuna wawili walinitangulia.

Nimelia mpaka kamasi. Kisha nikamwomba niwaandike kwenye insha.

"Hapana," akasema. "Wanangu si wa kuombea ada."

Jumatano, 13 Agosti
Mdomo wangu huu. Nimemsimulia Madam Neema. Machozi yakamlengalenga. Kasema niandike hiyohiyo, nafasi ni yangu. Nimerudi nikaiandika kwa saa moja bila kufuta neno. Ni nzuri mno. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi, na naichukia kwa sababu hiyo. Mama kapita na ungo wake, nikaifunika kwa daftari kama mwizi.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeichana.

Chuo nakitaka mno. Lakini nitakaaje darasani nikijua nimeingia kwa mgongo wa watoto wawili, na mama yao alikataa? Nimeandika upya. Viazi, kisu, mikono ya Mama, namna alivyonifundisha kukata bila kutazama. Mwanzoni nimeandika Naitwa Shija, nikaweka nukta. Wa kwetu ataelewa. Wa mbali atapita tu, shauri yake.

Si nzuri kama ile. Nimemsomea Mama hadi mwisho. Kanisahihisha mahali pamoja tu, kuhusu jua la asubuhi. Madam Neema nimempigia, kasema nitajuta. Huenda.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimeenda steshenari ya Bwana Karim, ndiye anayetutumia fomu kwa kompyuta. Mama kasema ana shida ya chumvi, akaongozana nami. Bwana Karim aliuliza, nikajibu, akaandika. Jina. Shule. Wilaya. Kisha akauliza nina ndugu wangapi wa kuzaliwa.

"Wawili," Mama akajibu kutoka mlangoni.

Bwana Karim akauliza kama nao wanasoma.

"Walifariki wakiwa wachanga," Mama akasema. "Lakini waandike."

Akawaandika. Akaweka na insha, akatuma. Mama akapitia duka la jirani akanunua chumvi, tukarudi nyumbani.