Sauti ya Pili

Jumanne, 3 Septemba

Nimesuka tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Mchana nikafunga saluni, nikaenda nyumbani kuangalia kama Deo amekula. Hajala. Chai ya asubuhi pale pale, imeweka utando. Yeye kalala ameelekea ukutani, jaketi mwilini, kama msafiri anayesubiri gari.

Mwezi wa tano huu tangu mdogo wangu arudi kutoka Dar. Walisema shida ni mguu. Nikaukanda mguu, nikaupikia supu. Mguu umepona, unatembea. Mwenye mguu hataki.

Sikulia leo. Nimechoka kulia mbele ya mgongo wa mtu.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimempeleka hospitali. Alikubali kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Daktari kijana, mpole. Kila alichouliza Deo alijibu ndiyo au hapana. Akaandika vidonge, akasema ni sonona. Kisha akaniita pembeni: kabla ya ajali alikuwa anapenda nini?

Nikamwambia anaimba. Anapiga gitaa. Alikuwa na bendi huko Dar, yeye na rafiki yake Shaibu, kijana wa Nakapanya, Tunduru. Deo sauti ya kwanza, Shaibu ya pili. Harusini, hotelini, kokote walikoitwa. Gari la bendi likapinduka wakitoka kupiga harusi Morogoro. Shaibu alifariki. Deo akaamka wodini, mwenzake ameshazikwa.

Daktari akasema, "Vidonge vitamsaidia taratibu. Ila asijifungie ndani. Mrudishe kidogo kidogo kwenye kile alichokipenda."

Basi nitamtafutia muziki. Wa vyombo na watu, si wa kwenye simu.

Nyembe zote nilizokuwa naweka nyumbani nimezihamishia saluni, kabatini, nikafunga kwa ufunguo. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Afadhali.

Jumamosi, 7 Septemba

Songea hii ina kelele. Muziki hakuna.

Nilianzia baa moja Mfaranyaki. Spika kubwa kuliko mlango, dijei amejifungia kwenye kibanda kama muuza tiketi. Nikamuuliza mhudumu kama kuna siku wanapiga laivu. Akasema, "Zipo, dada. Mechi gani unataka?"

Nikaenda hoteli yenye bango la muziki wa laivu kila wikiendi. Mtu mmoja na kinanda chake. Kinanda kinajipiga chenyewe, yeye anakipapasa tu kama anakifuta vumbi. Watu wanakula kuku, hakuna anayemtazama. Kila wimbo ukiisha anasema asanteni sana. Nilimpigia makofi peke yangu, nikaona aibu, nikaondoka.

Ukumbi wa harusi Lizaboni: tarumbeta za kukodi. Walinzi walidhani nimekuja kudoea pilau.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nilimwona mwalimu wa kwaya. Akasema mlete hata kesho, tuna upungufu wa sauti za kiume. Nilirudi nyumbani mbio. Deo akasema, "Dada, kanisani sitaki." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote wiki hii.

Mama akapiga simu kutoka Namtumbo. Anamtaka Deo shambani, wanaandaa vitalu vya tumbaku. Anaamini kachezewa na wachawi. Nikamwambia si kuchezewa, ni ugonjwa, ana vidonge. Akahamia Kingoni, maana mama akikasirika Kiswahili humpungukia. Kwa kifupi: mjini kuna nini ambacho hakijamuua bado?

Nilimkatia. Nimemkatia mama yangu simu.

Jumatano, 11 Septemba

Leo kuna habari. Tumaini, mwalimu wa sekondari, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa anasukwa hapa. Anasema Bombambili kuna bustani yenye bendi kila Jumapili mchana. Bendi ya watu wazima, gitaa la solo, besi, dramu. Wakishapiga nyimbo zao wanaacha kipaza sauti wazi, anayetaka anapanda. "Hata mume wangu alipanda," anasema, "akatuaibisha ukoo mzima."

Nilicheka mpaka nikamvuta nywele.

Jumapili, 15 Septemba

Nilitangulia peke yangu kukagua.

Ni kweli. Viti vya plastiki chini ya miti, jukwaa la mbao, turubai. Wazee wanne na dramu iliyoshonwa kwa waya. Wanapiga taratibu, hawana haraka na mtu. Akapanda fundi gereji na ovaroli lake, akaimba kama mbuzi, watu wakampigia makofi. Akapanda dada mmoja mjamzito. Huyo aliimba hasa. Nilisimama bila kujijua.

Mpiga besi anaitwa Komba, mnene, mpole. Nikamweleza habari za Deo, bila kuficha. Akasema, "Mlete. Hapa hatumchagui mtu."

Miezi yote hii sijawahi kutembea mji huu na furaha. Leo nimetembea nayo mpaka Msamala.

Jumatatu, 16 Septemba

Nilimwambia Deo akiwa ameelekea ukutani. Nikamweleza wazee, dramu, fundi gereji. Nikainuka kuondoka. Akauliza, "Wana gitaa la rithimu?"

Nikasema hawana.

Aligeuka.

Alhamisi, 19 Septemba

Ametoa gitaa uvunguni. Limepasuka ubavuni tangu ajali, kalifunga kwa gundi na kitambaa. Jioni alikaza nyuzi. Ting, ting, ting, uzi mmoja muda wote huo. Nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Nilichambua mpaka mizizi.

Amekula ugali wote.

Jumapili, 22 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Tulikwenda. Alioga, alivaa shati jeupe. Komba alimpa mkono, akampa kiti karibu na besi. Alipiga nao nyimbo mbili za wazee, kichwa chini, na kila mtu akasikia kuna kitu kimeongezeka. Komba alinitazama, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nilikuwa najivuna. Naandika hivyo hivyo: nilijivuna.

Halafu wakamwachia kipaza sauti.

Akaanza wimbo wao, yeye na Shaibu. Naujua, waliwahi kuuimba hapa nyumbani wakiosha vyombo. Sauti ile ile. Ya chini, imekwaruza kidogo, lakini ile ile. Watu wakanyamaza. Akafika kwenye kiitikio, pale Shaibu anapoingia. Akageuza uso kushoto. Akasubiri.

Akasubiri kabisa. Vyombo vinaendelea, yeye ametazama kushoto, hakuna mtu.

Mlevi mmoja nyuma akapaza sauti, "Endelea bwana! Umesahau?" Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka tu.

Deo akaliweka gitaa juu ya kiti, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akasema kwenye kipaza sauti, "Samahani." Akashuka. Komba haraka akaanzisha wimbo mwingine. Nilidhani Deo kaenda msalani, nikampa nafasi. Nilimpa nafasi kubwa mno. Nilipokwenda kumtafuta hayupo. Nyumbani hayupo. Simu yake iko kitandani.

Jumatatu, 23 Septemba

Hayupo.

Nimekwenda polisi. Nimekwenda hospitali, wodini, kisha chumba cha maiti. Mhudumu alifungua, nikatazama. Mzee mmoja, sijui wa nani. Nikamshukuru Mungu kwa kifo cha mzee wa watu.

Tumefika mpaka mto Luhira, mimi na Komba. Kiangazi hiki maji ni kidogo, lakini nilitazama kila palipo na kina. Komba alivua viatu akaingia na fimbo.

Mama nimemwambia. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Jumanne, 24 Septemba

Hayupo. Sijafungua saluni. Ni mimi niliyempandisha pale.

Jumatano, 25 Septemba

Asubuhi simu, namba ngeni. Sauti ya mama mtu mzima, Kiswahili cha Tunduru. "Wewe ndiye dada yake Deo? Mimi mama yake Shaibu, wa Nakapanya. Ndugu yako yuko hapa. Yu hai."

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Ijumaa, 27 Septemba

Naandikia Nakapanya, nyumbani kwa Mama Shaibu, barazani.

Nilifika jana. Nilimkuta yeye tu, anatwanga. Nikamwamkia shikamoo, nikampa pole ya msiba, nikaanza kulia. Aliendelea kutwanga. Aliponiona nimemaliza akasema, "Karibu. Yupo shambani."

Kisha akanieleza. Alisema, "Wenzake wote wa bendi walikuja kuhani. Yeye hakuja. Nikawa najiambia labda naye kafa, wananificha."

Deo alitokea Jumatatu alasiri, na shati lake jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi. Alipiga magoti uani akasema alichokuja kusema. Kwamba Shaibu alitaka kuja kwao Idi. Alishafunga begi. Na Deo ndiye aliyembembeleza: tupige harusi hii moja kwanza, Idi utakwenda. Mimi hili sikulijua. Miezi yote namkanda mguu.

Mama Shaibu hakumjibu. Alinyamaza kutwa nzima ya Jumanne. Hakumpa maji, jirani ndiye aliyempa. Deo alilala barazani, hapa ninapoandikia. Jioni yake mama akatoka, akamuuliza namba ya ndugu yake yeyote. Akataja yangu, anaijua kwa kichwa. Jumatano alfajiri akampa panga, akasema, "Korosho zinakaribia kuanguka, chini ya mikorosho hakujafyekwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Shaibu."

Mimi nimeficha nyembe. Yeye kampa panga.

Deo alirudi kabla ya magharibi. Viganja malengelenge matupu. Aliponiona alisimama. Nikamkumbatia, ananuka jasho na majani. Nikamwambia Jumamosi tunaondoka.

Akasema, "Dada, wewe ulitaka niimbe. Mimi nilikuwa nataka mtu anifukuze."

"Amekufukuza?"

"Bado."

Jumamosi, 28 Septemba

Nimerudi Songea peke yangu.

Asubuhi nilimwomba Mama Shaibu aniruhusu nimchukue. Nikasema ni mgonjwa, atakuwa mzigo kwako. Alikuwa anasafisha vyombo, hakunitazama.

"Mimi sijamsamehe," akasema. "Usije ukarudi kwenu ukasema nimemsamehe. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kusamehe, mimi ni mama tu. Lakini tangu mwanangu azikwe nakasirikia kuta. Huyu angalau ananisikia."

Nikampa vidonge, nikamweleza asubuhi na jioni. Akavifunga kwenye pindo la khanga. Nikamwomba kitu kimoja: ampe vidonge kwa mkono wake na amwone akimeza. Akaitikia.

Deo alinisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipofika alisema, "Mwambie mzee wa besi gitaa akae nalo, watu watumie."

Niliposhuka Namtumbo kumpa mama habari, alikuwa bustanini anamwagilia miche ya tumbaku. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza huyo mama anaitwa nani, jina lake mwenyewe, si la mtoto. Sikujua. Tumekaa na msiba wake nyumbani kwetu miezi yote hii, na jina lake sikujua.

Alhamisi, 3 Oktoba

Saluni nimefungua. Tumaini alipita, akauliza Jumapili tunakwenda Bombambili? Nikasema hapana. Akaona uso wangu, akaniacha.

Nina hasira. Na daktari, na mlevi, na Deo, na Shaibu aliyekubali kubembelezwa. Nimemkasirikia marehemu. Nimeandika, halitafutika.

Jumapili, 13 Oktoba

Deo amepiga kwa simu ya Mama Shaibu. Mama huyo anaitwa Somoe. Nimeuliza.

Nikamuuliza anakula? Anakula. Analala? Akafikiri kidogo, akasema usiku mwingine ndiyo, mwingine hapana. Korosho zimeanza kuanguka. Wanaokota tangu alfajiri, mgongo unamuuma. Sasa anakula barazani pamoja na mama. Jana mama alimfokea kwa kuacha ndoo kisimani, mbele ya majirani. Alinieleza hilo kwa sauti ya kawaida kabisa.



Kisha akasema juzi, wakiwa wanabangua korosho za kula nyumbani, mama alimuuliza jinsi Shaibu alivyokuwa anaimba. Hakuwahi kumsikia jukwaani. Marehemu baba yake hakuupenda muziki, Shaibu hakuthubutu kuimba nyumbani kwao.

"Ukamwimbia?" nikauliza.

"Siwezi, dada. Nilimweleza tu. Kwa maneno. Nikamwambia mimi naanza hivi, mwanao anaingia hapa, anakwenda juu, ananisubiri, tunashuka wote."

"Akasemaje?"

"Alisikiliza. Nilipofika mwisho akaniambia nianze tena."