Ndiyo Uliyoisema Bila Kusikia

Kasuku, Kindu

Baba,

Ni mimi Zaina, binti yako mkubwa, yule ambaye ulikufa hajakusemesha kwa miaka tisa. Nimetafuta neno zuri la kuanzia, sikulipata. Basi nianze na lile baya: nilikuchukia. Nilikuchukia siku zote nilizokaa Kibombo, nikakuchukia njiani nikija kwenye matanga yako, na nilipofika nikakuta kaburi bado bichi, nikasimama pale macho makavu, watu wakasema binti wa Mwalimu ana moyo wa jiwe. Leo sikuchukii tena. Lakini usidhani uchungu umeisha. Umehama tu, na nitakuambia umehamia wapi.

Kwanza kazi yangu, maana hukuiona. Baada ya matanga sikurudi kwa yule mume. Nilibaki hapa Kindu, nikasoma uuguzi pamoja na wasichana wadogo kuliko mimi, na sasa natibu masikio kwenye kituo cha afya. Masikio, Baba! Wala sikuyachagua kwa ajili yako. Alitafutwa muuguzi wa kupeleka mafunzoni Bukavu, wenzangu wote walikuwa wananyonyesha au wana wagonjwa nyumbani, mimi sikuwa na mtu. Nikaenda.

Huko daktari aliyetufundisha alibandika ukutani picha kubwa ya sikio lililokatwa katikati. Kabla hajafungua kinywa nikajikuta nataja sehemu zake mbele ya darasa zima: ngoma, nyundo, fuawe, kikuku, konokono. Akaniuliza nilisoma wapi. Nikasema darasa la sita. Sikumwambia aliyenifundisha ni baba yangu. Wakati ule sikuwa nalitaja jina lako.

Lakini nilikuona. Nilikuona na koti lako la kahawia, vumbi la chaki kwenye mikono, unachora sikio ubao mzima mpaka nafasi ya hesabu inaisha. Sauti inapiga ngoma, ulisema, ngoma inasukuma nyundo, nyundo inasukuma fuawe, fuawe inasukuma kikuku, na kikuku kinagonga mlango wa konokono, ambamo mna maji. Maji yakitikisika, neva inapeleka habari kwenye ubongo. Halafu ukatuamuru tuzibe masikio kwa vidole na kuimba. Tukaimba, tukacheka, maana kila mmoja alisikia sauti yake imekuwa kubwa ndani ya kichwa. "Munaona?" ukasema. "Mufupa nao unasikia. Mulango ukifungwa, sauti inapita kwenye ukuta."

Yote niliyohitaji kuyajua juu yako ulinipa siku ile. Sikuyatumia.

Mwaka uliofuata vita ikafika kwetu. Bomu lilianguka karibu na gare, kituo cha treni, ulipokuwa unapita na baiskeli, na ulirudi nyumbani unaisukuma, damu imekauka shingoni pande zote mbili. Hukuwa na jeraha lingine. Mama akamshukuru Mungu. Baada ya siku chache masikio yakaanza kutoa usaha. Mama akatia mawese ya uvuguvugu. Baba Mdogo akapuliza moshi wa tumbaku. Wewe ulikuwa unayasafisha kwa unyoya wa kuku, na usaha haukukoma tena mpaka ulipokufa. Tulizoea harufu yake. Tuliketi mbali kidogo na wewe wakati wa kula, tukadhani hujui.

Na hapo tulianza kukuhukumu. Kiziwi anapiga kelele, kila mtu anajua. Wewe ulikuwa unasema polepole kuliko zamani, karibu kunong'ona. Basi tukasema huyu si kiziwi. Ukienda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, injini inanguruma, ulikuwa unaongea na watu vizuri kabisa, unajibu, unacheka. Ukirudi nyumbani kwenye ukimya, unaitwa mara tatu hugeuki. Baba Mdogo alikuwa anasema mbele yako, bila hata kupunguza sauti: "Ule anasikia akitaka. Ya nyumbani njo hataki kusikia." Siku moja nilikukuta nyuma ya jiko umeuma pembe ya redio kwa meno, macho umeyafumba. Nikamwita Mama. Mama akasema, "Muzee anaanza wazimu," na mimi nikacheka.

Halafu ile siku ya kizuizi. Ulikuwa unavuka mto, wenye bunduki wakakuita kwa nyuma, hukugeuka. Walikupiga kwa vitako vya bunduki mpaka mtu mmoja wa Lokandu akawaambia huyu ni mwalimu, hana ubaya. Watu walikurudisha nyumbani kwa mkokoteni. Tangu siku hiyo ulipata neno lako moja. Mtu akifungua mdomo mbele yako, unamtazama usoni na kusema "Ndiyo." Askari, jirani, imamu, sisi. Ndiyo, ndiyo. Ulikuwa umegundua kwamba neno hilo halipigwi.

Sasa nafika pale.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Walikuja asubuhi, Baba Mdogo, mwalimu wa dini, na yule mfanyabiashara wa chumvi kutoka Kibombo, mwanamume wa umri wako mwenye wake wawili. Waliketi sebuleni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nilisikia kila neno. Mwalimu wa dini alikuuliza, kwa ile sauti ya chini ya watu wenye heshima, kama unampa mdogo wako ruhusa akuwakilishe, amuozeshe binti yako Zaina kwa mtu huyu. Nilishika pumzi. Nilikuwa na hakika. Wewe uliyewapiga marufuku wazazi wengine kuwatoa wasichana shuleni, uliyekwenda mpaka kwenye nyumba zao kugombana nao! Ukasema: "Ndiyo." Akakuuliza tena, kama sheria inavyotaka. Ukasema tena, polepole, na heshima zote: "Ndiyo."

Siku ya tatu niliondoka. Ulisimama mlangoni ukanipungia mkono, na ulikuwa unatabasamu. Ukaniwekea daftari jipya mkononi, sijui ulilipata wapi katika vita ile, ukaniambia, "Masomo yasikupite, mama." Nilidhani unanidhihaki. Baba, nilidhani unanidhihaki! Daftari lile nililichana ukurasa kwa ukurasa kuwashia moto katika nyumba ya mtu yule.

Juu ya nyumba hiyo sitakuandikia mengi. Nilimzalia watoto wawili, wote walikufa wachanga. Alikuwa anapiga. Inatosha.

Mwezi wa nne wa ndoa ile, wewe ulikuja. Ulitembea kwa miguu kutoka Kindu, ukifuata reli ambayo treni ilikuwa imeacha kupita, ukafika na viatu umevifunga shingoni, miguu imepasuka. Mke mkubwa akaja kuniambia baba yako yuko uani. Sikutoka. Nilifunga mlango na kukusemesha kutoka ndani. Nakumbuka nilivyosema, neno kwa neno: "Rudi kwako. Umeniuza. Sina baba." Halafu nikasikia sauti yako ya kunong'ona ng'ambo ya mlango: "Ndiyo, mama. Nitakungoja." Nikakutukana, Baba, matusi ambayo siwezi kuyaandika. Ulikaa uani mpaka jua lilipokuwa kali, kisha mtu yule akakufukuza. Hatukuonana tena.

Miaka tisa baadaye wakaleta habari kwamba unaumwa kichwa, una homa, shingo imekakamaa. Malaria, walisema. Ningeweza kupanda pikipiki siku ileile. Nilikaa siku mbili nasuka mkeka, kwa makusudi.

Sasa rudi nami Bukavu. Siku ya nne ya mafunzo daktari alileta mgonjwa, mzee mchimbaji wa Pangi, masikio yake yanatoa usaha tangu ujana. Daktari akachukua kile chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga gotini, akakiweka mbele ya sikio: mzee akatikisa kichwa, hakuna kitu. Akakisimika kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na mzee uso ukafunguka. Anasikia. Daktari akatueleza: ngoma imetoboka, usaha umekula vifupa vile vitatu, lakini konokono ni mzima, na sauti bado inamfikia kwa mfupa, hata kwa meno. Mtu wa namna hii, akasema, husema polepole, kwa sababu sauti yake mwenyewe inampigia kelele kichwani. Penye makelele anaelewa, kwa sababu watu wenyewe wanapaza sauti na makelele yenyewe hayamfikii. Penye utulivu, watu wakisema chini, hapati kitu. "Ndiyo maana familia zao husema wanajifanya," akasema.

Nikaandika neno hilo daftarini: wanajifanya.

Na bado hakuwa amemaliza. Usaha ukiachwa miaka, akasema, unatoboa mfupa na kuingia kichwani. Mgonjwa anapata homa, kichwa, shingo ngumu, anakufa watu wakisema malaria. Dawa yake? Kukausha sikio kila siku kwa utambi wa kitambaa safi, na matone. Kichupa kidogo, Baba, kinaingia ndani ya kiganja. Ninavyo kabatini vimejaa. Kila asubuhi nakausha masikio ya watoto wa watu, na kila asubuhi naona mkono wako na ule unyoya wa kuku.

Niliporudi nilimkuta Mama barazani anachagua mchele. Nilikaa mbele yake.

"Mama, siku ile ya wageni, Baba alisikia?"

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Halafu akasema: "Hapana. Hakusikia."

"Ulijua?"

"Nilikuwa muke wake, Zaina. Namna gani nikose kujua?"

Akanieleza kwamba wewe ulimwuliza jioni ile wale wageni walikuwa na neno gani. Alikusemea ndani ya sikio, kwa nguvu, kama alivyokuwa anajua kufanya: walikuja kusalimia, na Zaina anakwenda Kibombo kwa mama yake mdogo, huko shule bado inafundisha. Ndiyo sababu ulitabasamu. Ukweli uliambiwa kwenye mashine ya mpunga: mtu wa Kibombo alikuja kukoboa, akakupigia kelele katikati ya injini, "Mwalimu! Mukwe wako anakusalimia!" Uliacha mpunga palepale, akasema Mama. Hukupita hata nyumbani. Ulishika reli.

Na uliporudi, ukamwambia Mama: "Nimezungumza naye. Amesema atakuja." Mlango ulikuwa umefungwa, hukuona midomo yangu. Ulijitengenezea jibu. Miaka tisa kila aliyetoka Kibombo ulimtazama nyuma yake, kama kuna mtu anamfuata.

Nikamwuliza Mama kwa nini. Hapo ndipo alipoacha mchele. "Vita ilikuwa, mama. Wadogo wako, Amina na Juma, walikuwa wamevimba miguu kwa njaa. Chumvi hakuna, chakula hakuna. Ule mutu alileta chumvi na muchele. Na wale wa bunduki walikuwa wanakuangalia kila siku ukienda mutoni. Nikasema, heri muzee mumoja kuliko wale wote. Ningemuambia baba yako, angekataa. Njo maana sikumuambia."

Baba, nimetafuta jibu la kumpa, mwaka sasa. Amina ana watoto watano na duka la vitambaa. Juma anafundisha, kama wewe. Walikula ule mchele wakaishi. Mtu akiniuliza kama ilipaswa wafe, nitasema nini? Lakini mtu akiniuliza kama nimemsamehe Mama, jibu ninalo: sijaweza. Nampikia, namfulia, namkata kucha. Sasa masikio yake nayo yanachoka, ugonjwa wa uzee, konokono wenyewe, na huo hauna matone. Anapiga kelele akiongea, mtaa mzima unamsikia. Ananiomba nimwangalie, namwangalia. Ananiuliza, "Unaona nini?" Namwambia, sioni ubaya. Hapo nasema kweli.

Jambo moja tu aliniomba. "Utawaambia wadogo wako?" Aliuliza mara moja, hakurudia. Juma anamheshimu kama mtume. Wewe anakudharau. Anasema baba yetu alikuwa mtu wa ndiyo, alimtoa dada yetu bila hata kubisha. Husema hivyo mbele ya wanafunzi wake kuwafundisha ujasiri, na mimi naketi hapo nauma mdomo.

Hapo ndipo uchungu ulipohamia, Baba. Uko kinywani mwangu. Nikisema, namvunja Mama na kuwapa Amina na Juma chakula cha kutapika maisha yao yote. Nikinyamaza, wewe unabaki na jina ambalo hukustahili.

Nimeamua. Nitamngoja Mama. Siku atakayolala pale ulipolala, nitawakalisha wadogo zangu wawili, nitawaambia ulitembea kwa miguu mpaka Kibombo, na kwa nini. Watanilaumu kwamba nilichelewa, nimezoea kuchelewa. Mpaka siku hiyo utavumilia, nami nitavumilia. Ni ahadi, na sijawahi kukupa nyingine.

Nisamehe ule mlango. Mungu akulaze pema, Mwalimu. Kwaheri, Baba.

Binti yako,
Zaina